Stoo tupu ya fundi na stoo tupu ya Toyota

Karakana ipo Nkuhungu, hapa Dodoma, nyuma ya safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na ukiingia huoni stoo. Kuna mashine ya kukatia aluminiamu, meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzike, na ukutani zimeegemezwa fremu kumi na mbili za madirisha ambazo hakuna hata moja iliyoisha. Nyingine hazina vioo, nyingine hazina raba, moja inasubiri kitasa tu. Jumatatu asubuhi mama mmoja aliyejenga Ilazo alisimama mlangoni na risiti ya malipo ya awali, ya wiki tano nyuma.

"Fundi, leo unaniambia nini?"

Fundi akajibu kwa ile sauti ambayo nadhani mafundi wote nchini hufundishwa darasa moja: "Mama yangu, profaili zipo njiani. Keshokutwa nakufungia."

Profaili, yaani ile mipau mirefu ya aluminiamu ya kutengenezea fremu, hazikuwa njiani. Zilikuwa Kariakoo, dukani, zikisubiri mteja mwingine atoe malipo yake ya awali ndipo zinunuliwe.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimetoka kwenye semina ya wajasiriamali. Mtoa mada alitufundisha uzalishaji wa kwa wakati wake, ule ambao watu wa viwanda wanauita JIT, kifupi cha Kiingereza "just in time": malighafi inafika inapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, na bidhaa inatengenezwa mteja anapoitaka. Akamalizia kwa kutupongeza. Kumbe mafundi wetu, alisema, wameufanya mfumo huu miaka yote bila kujua, kwa kuwa hawalundiki mali. Oda ikija ndipo wananunua. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi mikono ilikuwa mizito, na makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini.

Stoo ya yule fundi ni tupu kwa sababu mfuko wake ni mtupu. Ya Toyota, kampuni ya magari ya Japani ambako mfumo huo ulizaliwa, ilikuwa tupu kwa sababu kazi ilikuwa imepangwa hadi stoo ikakosa kazi ya kufanya. Ukichungulia dirishani unaona chumba kilekile, na ndiyo maana ni rahisi kudanganyika.

Hadithi ya Wajapani wenyewe husimuliwa siku hizi kana kwamba walizaliwa matajiri. Kiichiro Toyoda, mtoto wa mvumbuzi wa mashine za kufuma nguo, alianzisha kampuni ya magari mwaka 1937, na tangu mwanzo alikuwa na wazo kwamba kifaa kifike kiwandani siku kinapotakiwa, si kabla. Wazo halikuenda mbali, vita vikaingia. Baada ya vita hali ikawa mbaya kiasi kwamba mwaka 1950 kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, wafanyakazi wakagoma, watu zaidi ya 1,600 wakaondoka na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Wakati huohuo viwanda vya Detroit vilikuwa vinafyatua magari ya aina moja kwa maelfu. Japani isingeweza kuiga hilo: soko lilikuwa dogo, na lilitaka magari ya aina nyingi, kidogo kidogo.

Aliyetafuta njia ni Taiichi Ohno, msimamizi wa karakana ya mitambo. Alisikia habari za supamaketi za Marekani, ambako mteja anachukua anachotaka rafuni na mhudumu anarudishia kile tu kilichochukuliwa. Akaligeuza wazo hilo liwe utaratibu wa kiwanda: kila hatua ya kazi ni mteja wa hatua iliyo nyuma yake. Kontena la vifaa lina kadi yake, nayo kwa Kijapani huitwa kanban. Kontena likiisha, kadi inarudi nyuma, na kurudi kwake ndiko kibali cha kutengeneza kontena jingine. Bila kadi hutengenezi, hata kama umekaa bure. Alianza kwenye karakana yake, na mwaka 1953 mpango huo wa supamaketi ulikuwa unafanya kazi humo. Miaka ya 1960 ukaenea kampuni nzima, kisha kwa wauzaji wake.

Kwa msomaji wa Dodoma sioni haja ya kwenda mpaka supamaketi. Mtazame mama wa genge. Amepanga mafungu sita ya nyanya mezani, tenga liko chini ya meza. Fungu moja likinunuliwa, anainama, anapanga jingine. Hapangi la saba, kwa sababu meza haina nafasi na nyanya za juani hulainika. Nafasi iliyoachwa wazi mezani ndiyo kadi yake. Kama kuna mtu wa kupongezwa kwenye semina, ni huyo.

Kuna mzaha mmoja wa lugha siwezi kuuacha. Upotevu wa kila aina, yaani chochote kinachokula nguvu bila kumfaa mteja, Wajapani wanauita "muda". Neno lao na neno letu havina undugu wowote, lakini nimewahi kumweleza hivyo fundi mmoja wa cherehani, akacheka sana, akasema basi Wajapani wametuelewa. Ohno alihesabu aina saba za huo muda wao: kutengeneza kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kufanya kazi kuliko inavyohitajika, kulundika akiba, kuhangaika huku na kule, na kutengeneza vibovu. Aliyemwona mkubwa wao ni wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayewazaa wengine.

Sasa turudi Nkuhungu kwenye zile fremu kumi na mbili.

Fundi anaamini hana stoo. Ninachokiona ukutani ni stoo, tena ya aina mbaya kuliko zote, ile ya nusu-kazi. Aluminiamu imeshakatwa kwa vipimo vya nyumba ya mtu fulani, haiwezi kuuzwa kwa mwingine, na bado haiwezi kudaiwa pesa iliyobaki. Na nyuma ya zile fremu kuna daftari. Siku ile niliomba kuliona. Kulikuwa na oda 20 ambazo malipo ya awali yalishapokelewa, na kwa mujibu wa daftari hilohilo karakana ilikuwa inamaliza oda 4 kwa wiki. Gawanya 20 kwa 4. Wiki tano. Mama wa Ilazo alikuwa amesubiri wiki tano.

Hesabu hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1961 Mmarekani John Little aliithibitisha kihisabati: muda ambao kazi inakaa ndani ya mfumo ni sawa na idadi ya kazi zilizomo, ukigawanya kwa kasi ya kuzimaliza. Ndiyo msingi wa jambo lote ninaloliandika hapa, na haihitaji kompyuta. Ukitaka mteja asubiri wiki mbili badala ya tano, zipo njia mbili. Moja ni kuongeza kasi hadi oda 10 kwa wiki, ambayo inataka mashine, mafundi na pesa. Nyingine ni kukubali oda 8 tu kwa wakati mmoja, ambayo inataka ujasiri. Mafundi ni walewale, mashine ileile, mapato ya wiki yaleyale kwa kuwa bado wanamaliza nne. Kilichobadilika ni urefu wa foleni, na ukweli wa neno "keshokutwa".

Kwa nini basi hafanyi hivyo? Hapa ndipo mtoa mada wetu alipopita mbio. Malipo ya awali ya mteja wa 20 ndiyo yanayomalizia dirisha la mteja wa 13. Fundi hakopi benki, anakopa kwa wateja wake, na riba anailipa kwa aibu ya kila asubuhi. Akikataa oda mpya, mnyororo unakatika na za zamani haziishi. Ndiyo maana nasema mfumo huu kwetu hauanzi na stoo, unaanza na mtaji mdogo wa mzunguko: kiasi cha kununua vifaa vya oda mbili au tatu bila kugusa pesa ya mtu mwingine. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Wengine wana vikoba. Popote itakapotoka, pesa ya mama wa Ilazo inunue vifaa vya mama wa Ilazo. Hilo likishindikana, usizungumze habari za Japani.

Upo ugonjwa wa upande wa pili, nao naujua kwa mikono yangu. Kabla ya kuandika magazetini niliwahi kuwa mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi hapa mjini, sitaitaja. Mwaka mmoja bosi alisikia saruji itapanda bei. Likaletwa lori zima, mifuko 600, mwezi wa Novemba. Mvua za Dodoma huanza Desemba, na stoo yetu ilikuwa ya mabati yenye matundu ya misumari. Tuliipanga mifuko moja kwa moja kwenye sakafu, mpaka karibu na kenchi. Vijana walipokuja kuchukua walichukua ya juu, nani ahangaike kuvuta ya chini? Mifuko mingine ilipoletwa ikapangwa juu ya ileile. Machi tulipofika chini, mfuko ukiugonga kwa nyundo unalia kama jiwe. Kwenye kadi yangu ya stoo bado ilikuwa saruji, ina thamani, na mwisho wa mwaka mkaguzi aliihesabu kama mali. Mimi ndiye niliyesaini.

Nimeieleza ili ieleweke kwamba sitetei stoo. Lakini watetezi wa JIT nao wana tabia ya kuuza hesabu nyepesi, kwa hiyo tuifanye pamoja, kwa namba za mfano tu. Karakana iliyo kubwa kidogo kuliko ya Nkuhungu inatumia profaili 10 kwa siku, kila moja shilingi 60,000. Akinunua za miezi miwili kwa mkupuo, ni profaili 600, na kwa wastani atakuwa na 300 ndani: shilingi milioni 18 zimelala. Akinunua 100 kila baada ya siku kumi, na akaweka akiba ya tahadhari ya 20, wastani wake ni 70: milioni 4.2. Tofauti ni milioni 13.8. Kama pesa hiyo ni ya mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kwa miezi miwili ameokoa shilingi 828,000.

Sasa usafiri. Fuso la safari moja tuseme 300,000. Safari sita za kuchangia gari, 150,000 kila moja, ni 900,000. Ongezeko la 600,000 limekula sehemu kubwa ya alichookoa. Amebaki na 228,000. Na kama muuzaji wa Kariakoo anatoa punguzo la asilimia 2 tu kwa anayechukua 600, hiyo ni 720,000, na hesabu imegeuka: anayelundika ndiye aliyeshinda. Kwa riba na nauli peke yake, Dodoma si mahali pazuri pa kuhubiri JIT. Tuko kama kilomita 450 kutoka bandarini.

Faida yenyewe imejificha kwingine, kwenye mambo ambayo hayamo kwenye risiti. Mwaka huu wateja wanataka profaili nyeusi, mwaka ujao sijui watataka nini. Mwenye 600 za rangi ya shaba atazimaliza akiwa mzee. Mwenye milioni 13 mkononi anaweza kupokea kazi ya shule nzima. Kisha kuna lile ambalo Ohno na wenzake walilijali kuliko pesa: akiba inaficha makosa. Wao husema mto ukiwa na maji mengi, mawe hayaonekani. Sisi tuna mabwawa. Mwezi wa Februari bwawa ni kioo. Njoo Oktoba uone visiki, matope na ndoo zilizopotea. Stoo ikiwa imejaa, profaili iliyokatwa vibaya haimuumizi mtu: anachukua nyingine. Stoo ikiwa na 20 tu, kosa la kukata linasimamisha kazi saa hiyohiyo, na kila mtu anataka kujua ni nani, na kwa nini kipimo kimeandikwa kwenye kiganja badala ya karatasi.

Kisiki kikubwa kuliko vyote kwenye viwanda vidogo vya hapa, kwa maoni yangu, ni muda wa kubadilisha kazi. Nenda kwa wafyatua tofali. Mashine inafyatua tofali za inchi 6, mteja anataka za inchi 5. Kubadilisha faremu ya chuma kunakula asubuhi nzima: spana haionekani, boliti imeshika kutu, kijana ametumwa kuazima. Kwa hiyo mwenye mashine anaamua afyatue za inchi 6 wiki nzima "ili tusihangaike kubadilisha", na anajaza uwanja tofali ambazo hazina mwenyewe, huku wa inchi 5 akienda kwa jirani. Yeye anaona kazi inasonga. Toyota walikuwa na ugonjwa huohuo kwenye mashine zao za kugandamiza bati. Mwaka 1969, wakiongozwa na mhandisi Shigeo Shingo, kubadilisha vifaa vya mashine moja ya tani 1,000 kulikokuwa kunachukua saa 4 nzima kulishushwa hadi saa moja na nusu, na baadaye hadi dakika 3. Siri haikuwa mtambo mpya. Walitenganisha kazi inayoweza kufanywa mashine ikiwa bado inazunguka na ile inayolazimu isimame, kisha wakahakikisha spana na boliti zipo mahali pake kabla mashine haijazimwa. Mfyatua tofali akipunguza asubuhi nzima ikawa dakika ishirini, hatahitaji kujaza uwanja. Hapo stoo inapungua yenyewe, bila mtu kuipiga marufuku.

Wauguzi wanaosoma hapa watakuwa wanatabasamu, maana hospitali zetu zimefundishwa mambo haya tangu 2007, kuanzia Mbeya, kwa zile S tano za Kijapani za kupanga sehemu ya kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yale mabango ukutani yana uhusiano wa damu na kadi za Ohno. Ningependa kuyaona kwenye karakana za Kizota pia.

Vipo vitu vya huku kwetu ambavyo usiviguse kwa JIT kabisa. Alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka. Mwenye mashine ya kukamua, Singida au Kongwa, atakayengoja oda ya mafuta ya Desemba ndipo atafute mbegu, atazikuta zimeshapata bwana na bei imepanda. Mbegu azilundike, tena azikaushe vizuri na kuzipanga juu ya mbao, si kama mimi na saruji yangu. Lakini mkamuaji huyohuyo hujaza nusu ya ghala lake kwa madumu matupu ya lita 20 na lita 5. Dumu tupu ni hewa unayoilipia kodi ya pango; hilo ndilo la kuagiza kila wiki. Ndani ya ghala moja kuna mali ya kulundika na mali ya kuletwa kwa wakati wake, na kuzitofautisha ni kazi ya kichwa.

Zabibu nazo ni kinyume cha alizeti. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena Agosti na Septemba, na haziwezi kungoja. Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo akishakata kichane, saa imeanza kuhesabu. Yeye hajachagua JIT, amelazimishwa na tunda. Kikwazo kiko upande wa pili: matangi ya kiwanda yakijaa mchuzi wa zabibu, mlango unafungwa na shamba linaoza. Kwa hiyo kwenye zabibu akiba ndiyo dawa, mradi iwe akiba ya mchuzi kwenye matangi. Kumwambia mwenye kiwanda cha mvinyo apunguze akiba ni kumwambia mkulima amwage mavuno.

Na chakula, sitaki hata kujadili. Nchi hii ya Ugogo ilipita kwenye njaa ya Mtunya, miaka ile ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka na ng'ombe na mvua kukataa. Mzee wa hapa akikwambia kihenge kisikauke, ana sababu ambayo kitabu chochote cha biashara hakina. Magunia ya soko la nafaka la Kibaigwa yana mantiki yao.

Hata Toyota walikuja kulipia somo hilo. Alfajiri ya Jumamosi, 1 Februari 1997, moto uliteketeza kiwanda cha Aisin huko Kariya, kilichokuwa kinatengeneza karibu vali zote ndogo za breki za magari yao. Akiba ya Toyota ya kifaa hicho ilikuwa ya saa chache tu. Ndani ya siku chache karibu viwanda vyake vyote vya Japani vikasimama. Kilichofuata ndicho kinachonivutia: kampuni kubwa na ndogo zikagawana michoro na kuanza kutengeneza vali, hata Brother, watu wa vyerehani, na baada ya kama wiki moja magari yalikuwa yanatoka tena. Halafu likaja tetemeko la Machi 2011, kiwanda cha chipu cha Renesas huko Naka kikazimika, na safari hii wauzaji wakaagizwa waweke akiba ya chipu ya miezi miwili hadi sita. Ndiyo, Toyota hao hao. Uhaba wa chipu wa dunia ulipokuja baadaye, walihimili mapema kuliko wengi, ingawa Agosti 2021 nao walitangaza kupunguza uzalishaji wa mwezi uliofuata kwa asilimia 40 hivi.

Sisi hatuna matetemeko ya namna hiyo, tuna Dumila. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara ya Morogoro kuja Dodoma, na reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa na maji mara ngapi? Ndiyo maana kwenye hesabu yangu niliweka akiba ya siku mbili, na masika ningeiweka ya siku tano bila kuona haya. Kila barabara inayotengemaa inapunguza akiba unayolazimika kubeba. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, unaweza kupiga simu Kariakoo saa kumi na moja jioni, ukatuma pesa kwa simu, na alfajiri ukachukua boksi lako la vitasa stendi ya Nanenane. Kwa mwenye karakana, hiyo imefanya kazi kuliko semina kumi.

Ukiniuliza mtaji wetu halisi wa JIT ni nini, nitasema mali kauli. Muuzaji wa Kariakoo anayekupakilia mzigo kwa neno lako tu, ukalipa Ijumaa, amekufanyia kitu ambacho Toyota walihitaji miaka kukijenga na wauzaji wao. Tatizo ni kwamba kauli ikivunjwa mara mbili haiungiki. Na wavunjaji wakubwa si mafundi. Namfahamu mtu aliyepeleka viti kwenye taasisi moja ya hapa jijini; mzigo ulidaiwa ufike Jumatano saa mbili asubuhi, ukafika, na malipo yakaja baada ya miezi saba. Kumtaka mzabuni mdogo alete kwa wakati wake, halafu umlipe kwa wakati wako, ni kumgeuza yeye kuwa stoo yako na benki yako kwa pamoja. Mji huu unakula kwa zabuni. Mfumo wowote wa wakati utakaohubiriwa hapa bila kugusa tarehe ya malipo utaishia kwenye mabango.

Nilirudi Nkuhungu miezi miwili baadaye. Fremu zilizoegemezwa ukutani zilikuwa tano. Ule mgawanyo wa 20 kwa 4 haukumgusa sana fundi, ila ulimgusa mkewe, ambaye ndiye mwenye daftari. Alipigilia misumari minane kwenye ubao karibu na mlango, na kila oda inayopokelewa inapewa kadi ya boksi iliyokatwa kwa mkasi: jina la mteja, vipimo, tarehe. Misumari ikijaa, mteja mpya anaambiwa aje wiki ijayo na pesa yake abaki nayo. Wawili walikasirika wakaenda kwa jirani. Mmoja alirudi.

Nilihesabu kadi, zilikuwa nane. Kisha nikahesabu kazi zilizokuwa mezani na ukutani, nikapata tisa. Nikamtazama fundi.

"Hiyo ya kwenye kona ni ya mjomba," akasema. "Mjomba hana msumari, kaka."

Mkewe alikuwa ameinamia daftari, akaendelea kuandika.